Tairi Likiwa Hewani, Breki Inamlinda Nani?

Ukiacha barabara kuu ya M1 na kushika njia ya kwenda Dowa, haichukui muda kabla kambi ya wakimbizi ya Dzaleka haijakupokea kwa vumbi lake jekundu na safu ya kabaza zinazosubiri abiria. Kabaza, kwa asiyeijua Malawi, ndiyo bodaboda. Zamani jina hilo lilikuwa la baiskeli ya kubeba watu, siku hizi pikipiki nazo zimelirithi. Jioni moja kijana wa hapo, Mkongo kwa lafudhi yake, alinionyesha herufi tatu zilizobandikwa kwenye madigadi ya pikipiki aliyoiazima. "Mzee," akaniambia, "hii moto iko na ABS. Haiwezi niangusha." Akapiga resi, akaachia klachi, tairi la mbele likapanda hadi usawa wa kifua changu, na watoto waliokuwa wakirudi na madumu ya maji wakashangilia.

Hakuanguka. Na kwa kuwa hakuanguka, kauli yake ikapata mashahidi wengine kumi.

Kauli hiyo si ya Dzaleka peke yake. Lilongwe, kwenye vijiwe vya Area 25 na Kawale, nimeisikia kwa maneno mengine: breki za siku hizi zina akili, pikipiki ya kisasa inajirekebisha yenyewe, hatari ya sarakasi ilikuwa enzi za breki za waya. Hata wasiopenda mbwembwe hizo wameikubali hoja kimyakimya. Mzazi anayemnunulia mwanawe pikipiki "yenye ABS" hupumua, kana kwamba busara nayo imo ndani ya bei. Mimi naona rai hii imepinduka miguu juu. Breki ya kisasa haikuifanya sarakasi kuwa salama. Kwa mambo kadhaa imeifanya iwe hatari zaidi, na sababu yake ataielewa yeyote atakayefuata tu jinsi gurudumu linavyozunguka.

Kwanza tuipe ABS haki yake. Ukikamata breki kwa nguvu, tairi hujifunga: linaacha kuzunguka na kuanza kuteleza. Tairi linaloteleza haliongozeki, na likiwa la mbele, pikipiki hulala chini kabla hujamaliza kutaja jina la Mungu. ABS ipo kuzuia jambo hilo moja. Kwenye gurudumu kuna pete yenye meno au matundu, na pembeni yake sensa inayoyahesabu yakipita. Kompyuta ikiona hesabu inaporomoka ghafla kuliko pikipiki inavyoweza kupunguza mwendo, inafungua vali, inalegeza breki kidogo, inairudisha, inailegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkononi unasikia breki ikitetemeka. Tairi linaendelea kuzunguka, na usukani unaendelea kukutii.

Kazi hiyo si porojo. BMW ilipoiweka kwenye pikipiki yake ya K100 mwaka 1988, ilikuwa anasa ya wachache. Kuanzia 2016 Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi CC 125, na India, ambako pikipiki nyingi za kazi za Afrika zinatoka, ikafuata mwaka 2018. Taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, ililinganisha pikipiki za aina moja zenye ABS na zisizo nayo, ikakuta kiwango cha ajali za vifo kiko chini kwa asilimia 22 pale ABS ilipokuwapo. Anayepinga faida hiyo anapinga hesabu.

Lakini tuulize: waliookolewa ni akina nani? Ni watu waliokuwa wakienda zao. Gari limewakatia mbele, mbuzi amekurupuka kichakani, lami imelowa, mkono umeminya breki kwa woga kuliko kwa akili. ABS ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyeshtuka, akiwa na matairi mawili chini, juu ya barabara inayoshika. Mcheza sarakasi hashtuki, kwa sababu kila anachofanya amekipanga. Matairi yake hayako yote chini, kwani kuliinua moja ndio mchezo wenyewe. Na Dzaleka barabara yake ni changarawe na vumbi. Kati ya masharti matatu ya breki ile kufanya kazi yake, hana hata moja.

Tuanze na mchezo unaopendwa kuliko yote, kwenda kwa tairi la nyuma peke yake. Mpanda ngazi hushuka, na anayeinua tairi la mbele lazima ajue litashuka vipi. Wajuzi wa mchezo huu hawaringii mkono wa mafuta. Wanaringia mguu wa kulia. Unyayo unakaa juu ya breki ya nyuma muda wote, kwa sababu pikipiki ikizidi kusimama na kutaka kukupindukia mgongoni, kitu pekee kinachoirudisha ni kugusa breki hiyo kwa ulaini. Breki ya nyuma hapo si ya kusimamia, ni ya kushukia. Mchezaji anaidai imtii kwa kipimo kilekile kila anapoigusa.

Sasa iweke kompyuta katikati. Kompyuta ya kawaida ya ABS haina macho, na haijui kwamba tairi liko hewani. Inachojua ni namba mbili: mwendo wa gurudumu la mbele na wa gurudumu la nyuma. Tairi la mbele lililoinuliwa halisukumwi na kitu, kwa hiyo linapungua mwendo polepole, huku la nyuma likienda kilomita arobaini kwa saa. Kwa kompyuta hiyo ni habari isiyoingia akilini. Mifumo mingi, ikiona tofauti ya namna hiyo inadumu kwa sekunde kadhaa, huamua kwamba sensa imekufa. Inawasha taa ya onyo kwenye dashibodi na ABS inajizima. Breki za kawaida zinabaki, lakini ule ulinzi uliosifiwa kijiweni umeondoka. Mara nyingi haurudi mpaka uzime switchi, uwashe upya na kutembea kidogo ili mfumo ujikague.

Kijana aliyejiamini kwa sababu ya ABS ameizima kwa sarakasi yenyewe. Anashusha tairi, anapungia watu mkono, anachukua abiria, anaelekea Lumbadzi akidhani bado analindwa. Taa inawaka mbele yake na yeye anatazama barabara.

Kuna pikipiki za bei kubwa zenye kifaa cha kupima mlalo na msimamo wa chombo. Mfumo wa Bosch wa aina hiyo uliingia sokoni na KTM 1190 Adventure kati ya 2013 na 2014. Hizo zinajua tairi limeinuka. Na zikijua, nyingi hukata nguvu ya injini ili tairi lirudi chini. Yaani breki za kisasa zilizopata akili kweli hazikuutumia ujanja huo kuusaidia mchezo. Zimeukataa.

Mchezo wa pili ni kinyume cha wa kwanza: kukamata breki ya mbele mpaka mkia upande na pikipiki isimamie pua. Hapa watu husema ABS ni kinga kamili kwa sababu tairi la mbele halijifungi. Ni kweli kwamba halijifungi kirahisi. Lakini kinachompindua anayesimamia pua si tairi kuteleza, ni tairi kushika vizuri mno, na kushika ndiko ABS inakotafuta. Mifumo mipya yenye uwezo wa kugundua mkia umepanda hulegeza breki ya mbele ili mkia ushuke, na hapo hatari inahama. Breki ikilegezwa, pikipiki haisimami pale mchezaji alipopiga hesabu, inaendelea kwenda. Mita mbili au tatu za ziada hazimsumbui aliyekaa juu. Zinamsumbua mtoto mwenye dumu aliyesimama kwenye mstari ambao mchezaji mwenyewe aliuchora kwa kisigino.

Halafu kuna breki za pamoja. Kwa pikipiki ndogo, za CC 125 kushuka, India iliruhusu mfumo huu badala ya ABS: ukikanyaga breki ya nyuma, sehemu ya nguvu inakwenda mbele pia. Kwa anayebeba watu ni msaada mzuri, kwa sababu madereva wengi hukanyaga ya nyuma tu na kuisahau ya mbele. Kwa anayeinua tairi ni mtego. Anakanyaga ili ashuke, na mfumo unalikamata tairi la mbele likiwa hewani. Tairi lililokamatwa likigusa lami halianzi kuzunguka, linakwaruza, na uzito wote unalishukia likiwa limefungwa. Jambo ambalo ABS ilibuniwa kulizuia limetokea bila ABS kuwapo, kwa mguu uleule uliokuwa ukitafuta usalama.

Hata hivyo, pikipiki nyingi za kabaza hazina mfumo wowote kati ya hiyo. Zina breki za ngoma nyuma, na nyingi hata mbele, zinazovutwa kwa waya na fimbo ya chuma. Zenye herufi ABS nazo hazilingani. Pikipiki kadhaa za Kihindi za CC 150 hadi 200 huja na ABS ya gurudumu la mbele tu, na la nyuma linajifunga kama lilivyojifunga enzi za babu. Na stika huuzwa. Anayetaka ukweli asisome madigadi, ainame. Atafute pete yenye meno au matundu karibu na diski, atafute waya mwembamba unaoingia kwenye sensa, kisha awashe switchi: taa ya ABS lazima iwake, na izimike pikipiki ikianza kutembea. Isiyowaka kabisa ni mashaka sawa na isiyozimika. Pikipiki ya kijana wangu wa Dzaleka nilipoiinamia haikuwa na pete, wala waya, wala taa. Ilikuwa na stika.

Kuhusu vumbi, watengenezaji wenyewe wametoa ushahidi. Kwenye changarawe tairi lililojifunga husukuma kilima kidogo cha mchanga mbele yake, na kilima hicho husaidia kusimamisha. ABS hukikatalia kisijengeke, kwa hiyo umbali wa kusimama unaweza kurefuka. KTM nayo imeweka kwenye baadhi ya pikipiki zake, 390 Duke ikiwemo, hali ya "Supermoto" inayozima ABS ya nyuma na kuiacha ya mbele. Kampuni inayouza ulinzi huo imekubali kwamba kuna mahali na namna ya kuendesha ambapo hautakiwi. Breki moja isiyobadilika inayofaa sokoni, vumbini na kwenye sarakasi haijatengenezwa bado.

Kuna atakayeniambia: sawa, basi ABS haisaidii sarakasi, lakini inadhuru nini ikiwa dereva anajiamini zaidi? Jibu lilipatikana Munich, Ujerumani, miaka ya 1980. Kampuni moja ya teksi iliweka ABS kwenye sehemu ya magari yake na kuyaacha mengine bila, na watafiti wakawafuatilia madereva kwa miaka mitatu. Waliotarajia teksi zenye ABS zipate ajali chache walishangaa, kwa sababu tofauti haikuonekana. Madereva wa zile zenye ABS walikuwa wakikata kona kwa ukali zaidi na kukamata breki kwa nguvu zaidi. Walipewa akiba ya usalama wakaitumia kununua mwendo. Hao walikuwa watu wazima wa kazi, ndani ya magari yenye magurudumu manne. Kijana mwenye magurudumu mawili na watazamaji thelathini ataitumia akiba hiyo kwa kasi gani?

Mafundi wa Lilongwe wana jibu lao kwa haya yote, nalo ni rai ya pili inayostahili kupingwa: "Toa fyuzi." Ukitoa fyuzi ya ABS breki zinarudi kuwa za kizamani, na mguu unapata utii wake. Kiufundi fundi hajakosea. Wacheza sarakasi wa kulipwa duniani hufanya hivyo na zaidi: hufunga chuma nyuma cha kuizuia pikipiki isipinduke, huongeza breki ya nyuma ya mkono upande wa klachi, hubadilisha spoketi, huweka kizimba cha chuma kukinga injini. Chris Pfeiffer, Mjerumani aliyeutawala mchezo huu kwa miaka mingi na kuwa bingwa wa dunia mara nne, aliitumia pikipiki ya sarakasi kama mpiga gitaa anavyotumia gitaa. Haikuwa ya kwenda nayo sokoni.

Hapo ndipo ushauri wa fyuzi unapovunjika kwetu. Pikipiki ya Dzaleka haina kazi moja. Saa kumi jioni ni ya mbwembwe, saa moja usiku ni ya kumkimbiza mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Fyuzi iliyotolewa saa kumi imebaki mfukoni mwa suruali nyingine. Abiria anapanda akiwa hajui kwamba chombo kimepunguziwa kinga ili kimpendeze mtu mwingine. Kama ni lazima kuchagua, heri pikipiki isiyokuwa na ABS tangu kiwandani, ambayo dereva wake anaijua na kuiogopa, kuliko yenye stika ya ABS na tundu tupu la fyuzi.

Wazee wa kambini nao wana rai yao. Wanasema hao ni wahuni, waache mchezo wao, basi. Jina lenyewe la Dzaleka linawaunga mkono: kwa Kichewa kuleka ni kuacha, na inasimuliwa kwamba lilikuwa neno la mfungwa anayeahidi kutorudia kosa, kwa sababu kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 hapa palikuwa gereza la enzi za Rais Kamuzu Banda. Siungani nao, ingawa naijua hofu yao. Kuitembeza pikipiki kwa tairi moja mita mia ni ustadi: sikio kwenye injini, kiuno kwenye mizani, mguu kwenye breki. Kijana anayeweza hivyo akiwa amejifunza peke yake si mjinga. Kosa lake ni kuamini kwamba kiwanda kimemwondolea kazi ya kuogopa, na kosa letu ni kutompa mahali.

Mahali hapo ni swali zito kambini. Dzaleka ilipangwa kwa watu kati ya elfu kumi na elfu kumi na mbili, na sasa ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi, msongamano ukazidi. Barabara ya kuchezea pikipiki ndiyo ya kwenda bombani, shuleni na sokoni. Hakuna breki ya kiwanda chochote inayotatua tatizo la mtoto kuvuka njia, na mvunjiko mkubwa wa mfupa humpeleka mtu hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, mwendo wa kilomita arobaini na kitu, akiacha nyumbani watu waliokuwa wakila kwa magurudumu yale.

Lakini Dzaleka hiyohiyo imewahi kuchukua kitu kilichokuwa kikifanyika pembeni ikakipa jukwaa. Tangu 2014 Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo Menes La Plume akiwa mkimbizi papo hapo, huwatoa watu Lilongwe na kuwaleta kambini kusikiliza muziki na kutazama ngoma. Ngoma ina uwanja wake, saa yake na mstari wa watazamaji. Sarakasi ya pikipiki ingeweza kudai hayohayo: kiwanja kilichofungwa siku moja kwa mwezi, kamba ya kuwaweka watoto mbali, kaske kichwani, na pikipiki moja au mbili za mchezo tu zilizotolewa kwenye biashara ya abiria. Lilongwe ina maegesho mapana ya Uwanja wa Taifa wa Bingu, yasiyo na kazi siku nyingi za wiki. Kinachokosekana ni chama cha kabaza au ofisi itakayokubali kwamba mchezo upo, badala ya kuukimbiza kutoka kichochoro hiki hadi kile.

Mpaka siku hiyo ifike, liko jambo dogo lisilohitaji kibali cha mtu. Kabla ya kuchukua abiria, dereva azime switchi, aiwashe upya, atembee mita chache na kutazama taa. Ikizimika, apakie. Isipozimika, amwambie abiria wazi kwamba leo breki ni za mkono na mguu tu, naye atakwenda taratibu. Na abiria naye, hata yule mama mwenye kapu la nyanya asiyejua ABS ni nini, ana haki ya kuuliza swali moja kabla hajapanda: "Mwanangu, hiyo taa ya njano inasema nini?"